Una mbwa wa kienyeji na unataka kuongeza wa mbegu nyingine? Tuzungumze kabla hujafungua geti (uzi)

MWENYE UZI, BAMBURI

Wanajamvi, salaam aleikum, na hamjambo nyote.

Kila Desemba ikikaribia, kaskazi imeshika na watu wanajiandaa kusafiri bara, matangazo ya mbwa wa ulinzi hujaa kwenye makundi yetu ya WhatsApp. Mtu ana mbwa wake wa kienyeji aliyelinda geti miaka yote, sasa anataka kuongeza German Shepherd au Rottweiler. Hilo halina ubaya. Kinachoniuma ni ujumbe unaofuata wiki chache baadaye: "Mbwa wangu hawapatani, nani anamtaka huyu wa kienyeji, ni bure." Yaani aliyekuwepo ndiye anayeondoka.

Ninafuga mbwa wa mbegu mbili ndani ya ua mmoja. Simba ni wa kienyeji, dume. Sheba ni German Shepherd jike aliyekuja baadaye, akiwa ameshapita utoto. Nimesaidia pia majirani kuwakutanisha wao. Msimamo wangu ni kwamba ugomvi mwingi wa aina hii tunauanzisha sisi wenye nyumba. Mgeni akifika, mwenyeji anapokonywa kibanda, anafungwa mnyororo kule nyuma karibu na tangi la maji, nyama inakwenda kwa mwenye karatasi za ukoo, yeye anabakiziwa ukoko wa ugali. Mbwa hajui bei uliyolipa. Anachojua ni kwamba tangu yule afike, mambo yake yote yameharibika. Wazee walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Ukileta mbwa wa pili, hakikisha mwenyeji kweli anapona.

Tuanze na mbegu zenyewe, maana hapo ndipo wengi hukosea.

German Shepherd alitengenezwa Ujerumani kuanzia mwaka 1899, mkononi mwa Max von Stephanitz, kwa ajili ya kuchunga kondoo. Damu hiyo bado imo. Anazunguka, anakaza macho, anaziba njia, anagusa kwa meno nyuma ya miguu. Kwake huo ni mchezo na ni kazi. Mbwa wa kienyeji hauoni hivyo: kukaziwa macho ni kutishwa, na kukimbizwa kutoka nyuma ni kushambuliwa. Rottweiler naye aliswaga ng'ombe na kulinda mali za wachinjaji, ndiyo maana husukuma kwa kifua na bega hata anapocheza. Wa kienyeji hutumia nafasi. Akiona shari anageuza uso, analamba pua, anajitoa taratibu kwenda kivulini. Ukimfungia mahali pamoja na mwenzake mkubwa ili "wazoeane", umemnyima silaha yake ya amani, kilichobaki ni meno.

Na kuna jambo la mkia. Mbwa husomana kwa mkia, masikio na nywele za mgongoni. Rottweiler wengi huku kwetu wamekatwa mikia. Japanese Spitz mkia wake umejikunja juu ya mgongo muda wote, na manyoya yake yamesimama hata akiwa ametulia. Bulldog na Pug uso umebonyea, wanakoroma wakipumua. Mbwa aliyezoea wenzake wa mtaani anakutana na kiumbe ambaye ishara zake hazisomeki, na anahitaji muda wa kumjifunza. Usimharakishe.

Kabla hawajaonana, afya. Mbwa mpya akae peke yake wiki mbili, mbali kabisa na mwenyeji, na vyombo vyake na kamba yake. Parvo ndiyo inayoua watoto wa mbwa, kwa kutapika na kuhara damu, na virusi vyake hukaa kwenye udongo miezi mingi, hata mwaka. Kama mbwa alikufa kwa parvo uani mwako, usilete mtoto ambaye hajamaliza chanjo. Chanjo huanza akiwa na wiki sita hadi nane, hurudiwa kila wiki tatu au nne mpaka afikishe wiki kumi na sita. Ya kichaa cha mbwa ni kuanzia miezi mitatu, kisha kila mwaka. Na mwenyeji naye achanjwe! Watu humpeleka mgeni kwa daktari, wa kienyeji akaachwa kwa sababu "hao ni wagumu". Si kweli, hufa vilevile.

Siku ya kuonana, usiwakutanishe getini wala ndani ya ua. Ua ni wa mwenyeji. Tafuta mahali pasipo pa yeyote. Sisi wa Bamburi tuna bahati ya pwani: alfajiri maji yakiwa yamekupwa, mchanga ni mpana na watu ni wachache. Wawe watu wawili, kila mmoja na mbwa wake na kamba ndefu isiyokazwa. Kamba ikikazwa mbwa anahisi wasiwasi wako kupitia shingo yake. Tembeeni upande mmoja, mbali mbali, kama mita kumi na tano, kisha mbadilishane ili kila mmoja anuse mchanga aliopita mwenzake. Hapo ndipo wanapojuana kwa kweli, kabla hata ya kukaribiana. Mkiona miili imelegea, punguzeni umbali. Mwisho waacheni wanusane nyuma kwa sekunde chache, waiteni, muendelee kutembea. Kunusana kwa muda mfupi mara nyingi ni bora kuliko mara moja kwa muda mrefu. Pua kwa pua wakiwa wamesimama wima, hapana.

Angalizo la pwani: kuna mbwa wanaozurura, na baadaye asubuhi huja ngamia wa watalii. German Shepherd akiona ngamia kwa mara ya kwanza, somo lote limeharibika. Maliza mapema.

Mkirudi, ua uwe umeshasafishwa: hakuna bakuli, hakuna mfupa, hakuna kiatu cha zamani anachokipenda mwenyeji. Ingieni mkiwa mnatembea pamoja, kamba zikiburutwa chini ili uweze kuzishika haraka. Kibanda cha mwenyeji kibaki cha mwenyeji. Mgeni apate chake, pembe nyingine, penye kivuli.

Chakula watenganishe kabisa, kila mmoja na upande wake na mlango umefungwa katikati. Mbwa aliyekulia mtaani amejifunza kula upesi kabla hajanyang'anywa. German Shepherd naye ana kifua kirefu, na mbwa wa umbo hilo akibugia chakula kingi kwa mkupuo tumbo linaweza kujaa gesi na kujisokota, jambo linaloua ndani ya saa chache. Mgawie mara mbili kwa siku. Matumbo ya soko la Kongowea na ugali ni chakula kizuri, lakini kila mmoja ale kwa utulivu.

Halafu geti. Mapigano makubwa niliyowahi kuitwa kuyaamua yalianzia getini. Mkokoteni wa maji unapita, mbwa wawili wanakimbilia geti, wanabweka, wamepandwa na hasira, hawamfikii mwenye mkokoteni, basi mmoja anamgeukia mwenzake aliye ubavuni. Hakuna chuki pale, ni hasira iliyokosa pa kwenda. Katika miezi ya kwanza usiwaache pamoja getini saa za pilika. Weka wavu au mbao chini ya geti wasione miguu ya wapita njia.

Karibuni, ulizeni, ongezeni.

MDAU, LIKONI

Asante sana kwa uzi huu, kaka. Mimi nina Rottweiler dume, mpole sana kwa watoto. Binti yangu anataka Japanese Spitz, anasema ndiye wa kucheza naye ndani ya nyumba. Je, watapatana? Na joto la Likoni ataliweza?

MWENYE UZI, BAMBURI

Kupatana wanaweza. Ila hapo shida kubwa ni uzito. Spitz ni kilo tano hadi kumi hivi, Rottweiler dume anaweza kufika kilo hamsini na zaidi. Hata akiwa mpole kama unavyosema, kuruka kwake kwa furaha kunaweza kumvunja mwenzake mguu. Na kitu kidogo kikikimbia huku kinapiga kelele kali, mbwa mkubwa anaweza kubadilika ghafla, akaacha kumwona mwenzake akaona windo. Kwa hiyo, mkiwa hampo nyumbani, wasikae pamoja kamwe. Sisemi mwezi wa kwanza, nasema daima. Wakiwa pamoja, mtu mzima awepo, si binti peke yake. Mwekee Spitz mahali pa kuingia ambapo mkubwa hapiti, hata chini ya meza iliyozungushiwa mbao.

Joto: mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi, anajipoza kwa kuhema. Spitz ana manyoya mazito ya tabaka mbili. Usimnyoe, manyoya yale yanamkinga na jua. Mchane kila mara kuondoa yaliyokufa, atembee alfajiri au baada ya magharibi, na sakafu ya simiti yenye kivuli iwe yake mchana. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39 za Selsiasi hivi. Likipita 41 ni hatari ya kufa. Ukimwona anahema bila kukoma, ute mzito, fizi nyekundu sana, anayumba, mmwagie maji ya bomba mwili mzima na umpepee kwanza, ndipo umkimbize kwa daktari. Rottweiler wako pia anaumia na joto kwa sababu ya rangi nyeusi na unene, na mbwa mwenye joto kali hana subira na mtoto anayemrukia. Usiwakutanishe saa saba mchana wa Februari.

MFUGAJI, KISAUNI

Waaleikum salaam. Mimi ni Mwislamu, nina mbwa mmoja wa kulinda, yuko nje daima. Hapa kwetu wengi tunafuata madhehebu ya Imam Shafi, na mate ya mbwa kwetu ni najisi: chombo alichotia mdomo huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mbwa wa ulinzi na wa kuwinda amezungumziwa, na aya ya nne ya Suratul Maida imehalalisha windo la mbwa aliyefunzwa. Shida yangu ni majirani. Nikiongeza wa pili, kelele zitakuwa mara mbili, na waumini wanapita mbele ya geti langu wakienda swala ya alfajiri. Huyu mmoja peke yake analalamikiwa. Nimepewa Boerboel, yule mbwa mkubwa wa ulinzi, na rafiki yangu. Nimkubali?

MWENYE UZI, BAMBURI

Sheikh, suala la dini umelieleza vizuri kuliko ningeweza, na imamu wako ndiye wa kukuongoza zaidi. La majirani nitalijibu wazi: kwa sasa usimkubali. Mbwa hufundishana kubweka. Huyo wa kwanza akiwa bado anawabwekea waumini, wa pili ataichukua tabia hiyo ndani ya siku chache, na Boerboel sauti yake si ya kawaida. Malizana kwanza na mmoja. Nusu saa kabla ya adhana ya alfajiri mtoe getini, mpeleke uani nyuma, mpe kitu cha kutafuna. Fanya hivyo kila siku mpaka awe anakwenda mwenyewe. Ukuta wa mbele ukiwa na matundu, yazibe. Hilo likikaa, ndipo tuzungumzie wa pili, na uwaambie majirani mapema kabla hajafika. Jirani aliyeambiwa huvumilia mengi.

Na hesabu ya maji ifanye. Mbwa wa ukubwa ule anakunywa lita kadhaa kwa siku wakati wa joto. Kama unanunua maji ya mitungi kwa sababu kisima ni cha chumvi, gharama hiyo ni ya kila siku. Mbwa wawili wenye kiu mbele ya sufuria moja ni ugomvi mwingine. Sufuria mbili, pande mbili, na kwa hali yako ya tohara itakuwa rahisi pia kujua vyombo vyao viko wapi.

DAKTARI WA MIFUGO, TUDOR

Mwenye uzi ameeleza vizuri. Naongeza mawili.

La kwanza kupe. Tunazungumza sana kuhusu mgeni kuleta ugonjwa, lakini kupe wa kahawia wa mbwa huenda upande wa pili pia. Mbwa wa kienyeji aliyekaa na kupe miaka anaweza kubeba vijidudu vya ehrlichia bila kuonekana mgonjwa. German Shepherd anaingia ua huohuo, kupe walewale wanamuuma, naye ni katika mbegu ambazo ugonjwa huu huwapiga vibaya zaidi: homa, kukataa kula, fizi kupauka, damu puani. Mwenye mbwa analaumu muuzaji. Kwa hiyo mpimeni damu mwenyeji pia, na mtibu kupe kwa wote wawili siku moja. Kupe huyu hutaga mayai kwenye nyufa. Nyumba zetu za mawe ya matumbawe zina vitundu tele, ukuta wa kibanda upigwe plasta na dawa ifike humo, la sivyo mnaosha mbwa na ukuta unawarudishia.

La pili, naomba sana: msiwachome mbwa ivermectin, dawa ya minyoo na wadudu ya ng'ombe, kwa kukisia. Baadhi ya mbwa wa mbegu za kuchunga, Collie hasa, na baadhi ya German Shepherd, wamerithi kasoro inayoruhusu dawa hiyo kuingia kwenye ubongo. Kipimo ambacho wa kienyeji alikistahimili kinaweza kumlaza mwenzake akitetemeka, na hata kumuua.

MAMA WAWILI, MIKINDANI

Shikamoo daktari, na wewe mwenye uzi hujambo. Nina mbwa jike wa kienyeji na jike mwingine chotara wa German Shepherd. Walipatana vizuri mwaka mzima, sasa wanapigana mpaka damu. Juzi mume wangu aliingiza mkono kuwaachanisha, akaumwa. Nimechoka, nataka kumtoa mmoja.

DAKTARI WA MIFUGO, TUDOR

Marahaba mama. Kwanza mumeo. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano, na aende hospitali leo, hata kama mbwa ni wenu na hata kama jeraha ni dogo. Beba kadi za chanjo za mbwa wote wawili. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara ni kifo. Msisubiri.

MWENYE UZI, BAMBURI

Sijambo dada, pole sana kwako na kwa shemeji. Kupatana mwaka mzima kisha kugombana ni jambo linalojulikana. Chotara wako amekomaa, na majike wawili ambao hawajafungwa uzazi ndio jozi ngumu kuliko zote, hasa mmoja akiwa kwenye joto la kutaka dume, ambalo huja karibu kila miezi sita. Dume na jike huwa rahisi zaidi, bora angalau mmoja ahasiwe, usije ukawa na watoto wanane baada ya siku 63.

Leo hii watenganishe kwa ukuta, wasionane kabisa, kwa wiki kadhaa. Panga na daktari wafungwe uzazi wote. Daktari pia awaangalie kama kuna maumivu yaliyojificha, sikio au jino au nyonga, kwa sababu mbwa anayeumwa huuma akiguswa. Baada ya hapo waanze upya kama wageni, nje ya nyumba, kwa kamba, kama nilivyoeleza juu. Yule wa kienyeji asiwe ndiye anayefungwa kila siku. Wapokezane.

Wakipigana tena, mkono usiingie. Ndoo ya maji, blanketi zito, au ubao mpana wa kuwatenga. Kama mko watu wazima wawili, kila mmoja ashike miguu ya nyuma ya mbwa mmoja, muiinue na kurudi nyuma kwa pamoja, msiachie mpaka kila mmoja yuko nyuma ya mlango wake.

Na ikiwa baada ya yote hayo bado wanatafutana kwa damu, kumtafutia mmoja nyumba nyingine si ukatili. Lakini chagua kwa kuangalia ni nani atakayeishi vizuri huko aendako. Chotara mdogo wa umri, mwenye umbo linalotakiwa, atapata mtu Mikindani au Changamwe ndani ya wiki. Yule wa kienyeji aliyezeeka getini kwako, nani atampokea? Niandikie huku uzini daktari akishawaona, na utaje umri wao, tutapanga siku ya kuwakutanisha. Nitakuja mwenyewe na kamba zangu.